Tupeane uzoefu: sonona ilikujia kwa sura gani kabla hujaijua kwa jina?

Mwanzisha mada, Morogoro
Ndugu zangu, nimeona tulizungumze jambo hili la sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo (depression), kwa sababu mimi nilipoteza miezi minane nikitibiwa ugonjwa ambao sikuwa nao. Mwaka 2019 nilianza kuumwa kichwa, kisha mgongo, kisha mwili mzima ukawa mzito kana kwamba nimejitwisha gunia la mahindi. Nilipimwa malaria, haikuonekana. Nikapewa dawa za taifodi mara tatu, na hali ikabaki ileile. Aliyenifumbua macho ni tabibu mmoja wa zahanati, ambaye badala ya kuniandikia kipimo kingine aliniuliza huwa ninaamka saa ngapi. Nilimjibu kwamba usingizi hunikatika saa tisa usiku na haurudi, na kwamba asubuhi ndiyo saa yangu mbaya kuliko zote, ingawa ikifika jioni napata nafuu kidogo. Akaniuliza tena ni kitu gani nilichokuwa nakipenda ambacho nimekiacha. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu Pasaka sijakanyaga kwaya, nami ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu sauti ya tatu. Sikuwa nikilia wala sikuwa na msiba. Hamu tu ndiyo iliyokuwa imekauka, ya chakula, ya watu, hata ya siku ya mshahara. Naomba kila mmoja aeleze yake ilivyoanza.

Mchangiaji, Tanga
Mwalimu, kwa mume wangu haikuja kwa unyonge bali kwa hasira. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa utani, lakini baada ya kazi kukatika akawa anawafokea watoto hata kijiko kikigonga sahani, na pombe ikawa ya kila siku. Mimi nilidhani amepata mwanamke mwingine. Wakwe wakasema amerogwa, na kuku wawili wakaishia kwa mganga. Nilishtuka siku aliponionyesha hati ya kiwanja inapokaa na kunitajia anaowadai na wanaomdai, kana kwamba anaaga. Nilimuuliza waziwazi kama anawaza kufa, akainamisha kichwa akasema ndiyo. Nilikuwa nimesikia kwamba kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo, lakini kwake ilikuwa kama kutuliwa mzigo. Hatukusubiri kukuche, mimi na kaka yake tulimpeleka hospitali ya mkoa usiku uleule, na leo anaendelea na kliniki.

Mchangiaji, Mombasa
Kwetu husemwa tu kwamba mtu "ana mawazo", na mambo huishia hapo. Nilipojifungua mtoto wa pili, mama mkwe alinituliza kwamba kila mzazi hulia siku za mwanzo, na hakukosea, kwa kuwa machozi hayo kwa kawaida hayapiti wiki mbili. Yangu yalifika mwezi wa tatu. Nilimwogesha mtoto, nilimnyonyesha, nilimvisha akapendeza, lakini moyoni nilikuwa kama yaya wa kuajiriwa. Nilipompeleka chanjo ya wiki ya 14, muuguzi alinitazama mimi kabla ya mtoto, akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilicheka. Sikuwa na jibu.

Mchangiaji, Arusha
Naongeza moja tu, maana ni rahisi mtu kusoma haya akajipachika ugonjwa. Mimi nilikuwa na uchovu, uzito wa akili na usingizi usioisha, nikaamini ni sonona. Kipimo cha damu kikaonyesha kwamba ni tezi ya shingoni isiyofanya kazi ipasavyo. Nendeni mkapimwe.

Mwanzisha mada, Morogoro
Dada wa Arusha, hilo ni kweli, na hata mimi nilipimwa damu kwanza. Kwa walioniuliza pembeni: tabibu aliniambia kwamba huzuni ya siku mbili tatu si ugonjwa, bali huangaliwa kama hali imedumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na imeharibu kazi au maisha ya nyumbani. Kuhusu vidonge vya sonona nilivyopewa, wiki tatu za kwanza sikuona lolote na nilitaka kuvitupa, ila nilikuwa nimeonywa kwamba huchelewa. Wiki ya tano mke wangu aliniambia kwamba asubuhi hiyo nimeimba bafuni. Mimi mwenyewe sikuwa nimejisikia.