Mjadala: Ziara za sanaa na urithi ziwe lazima kwa kila mwanafunzi wa chuo kikuu?

Mwanzisha mada

Wakuu, naileta hoja hii nikiwa na msimamo, na nipo tayari kupingwa.

Nasema kila anayesomea shahada, awe wa udaktari, uhasibu au uhandisi, angalau mara moja kwa muhula atoke na kundi lake, aongozwe na mtu anayeijua kazi hiyo, wakatazame sanaa au mahali pa urithi. Iingie kwenye ratiba na iwe na alama. Tukiiacha iwe hiari, watakwenda walewale ambao wazazi wao waliwapeleka makumbusho tangu utotoni, na wale ambao hawajawahi kuvuka mlango huo watamaliza chuo bila kuuvuka.

Sababu yangu kubwa ni macho. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale. Irwin Braverman, daktari wa ngozi, alishirikiana na Linda Friedlaender wa jumba la sanaa la Uingereza lililopo chuoni hapo. Waliwasimamisha wanafunzi wa udaktari mbele ya michoro, wakawataka waeleze wanachokiona kabla ya kusema kina maana gani. Wanafunzi hao walipokuja kuonyeshwa picha za wagonjwa, walitaja mambo mengi zaidi kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Kutazama ni kazi, na kazi hiyo inafundishika.

Mwaka huohuo ulitoka utafiti mwingine, wa Metropolitan Museum ya New York. Watafiti walipima muda ambao watu husimama mbele ya kazi mashuhuri. Wastani ulikuwa sekunde 27, na nusu ya mara walizopima mtu hakuzidi sekunde 17. Ndani ya sekunde hizo kuna kusoma kibao, na wengine wanapiga picha.

Sasa linganisha na anachofanya Jennifer Roberts, profesa wa historia ya sanaa pale Harvard. Humtaka mwanafunzi akae na kazi moja kwa saa tatu. Yeye mwenyewe alijaribu kwa mchoro wa John Singleton Copley wa mwaka 1765, wa mvulana aliyemfunga kindi arukaye kwa mnyororo. Dakika tisa zilipita ndipo akagundua kwamba sikio la mvulana lina umbo lilelile la manyoya ya tumboni mwa kindi. Dakika ishirini na moja ndipo akaona kwamba vidole vilivyoshika mnyororo vimeachana kwa upana sawasawa na mdomo wa bilauri ya maji iliyo chini yake. Mtaalamu huyo! Mimi na wewe tungepita.

Mtu hawezi kujifunza subira ya namna hiyo akiwa peke yake na simu mkononi. Anahitaji mtu wa kumzuia asiondoke. Ndiyo maana nasema lazima.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, uhandisi

Mkuu, nakuheshimu, ila hapa napinga kabisa, kwa sababu hiyo lazima nimeshaionja.

Tulipelekwa sitini kwa mwongozaji mmoja. Waliokuwa mbele walisikia nusu, sisi wa nyuma tuliona migongo. Kabla hatujaingia tulisaini karatasi ya mahudhurio, tulipotoka tukasaini tena, na dereva alikuwa ameambiwa tuondoke baada ya dakika arobaini. Kisha tukatakiwa kuandika ripoti ya kurasa mbili. Mmoja aliandika, wengine tukanakili tukibadilisha maneno. Ukiniuliza leo niliona nini, nakumbuka kamba nyekundu na kibao cha "Usiguse".

Ukiweka alama, watu watatafuta alama, hawatatafuta mchoro. Na usisahau kwamba kuna wanaofanya kazi usiku ili walipe ada, na kuna wenye watoto wachanga. Kwao ziara ya lazima ni zamu waliyoipoteza. Wewe unasema hiari inawaacha nje wasio na nafasi. Mimi nakwambia lazima yako inawaadhibu haohao.

Mwongozaji mstaafu

Wanangu, nimeifanya kazi hii miaka mingi, niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo.

Binti wa uhandisi amesema kweli, ila aliyemkosea ni aliyeipanga ile safari. Kundi langu halikuzidi watu kumi na watano. Wakizidi hapo, unaacha kuongoza unaanza kuhutubia. Na kazi za kutazama hazikuzidi tatu kwa saa nzima. Wakubwa waliniuliza mara nyingi kwa nini siwaonyeshi vyumba vyote. Nilijibu kwamba anayeonyeshwa vyumba vyote hutoka na uchovu wa miguu.

Pia sikuanza na jina la msanii wala mwaka. Kuna njia iliyojengwa na Abigail Housen na Philip Yenawine, ina maswali matatu tu. Kuna nini kinachotokea hapa? Umeona nini hata ukasema hivyo? Tunaweza kuona nini kingine? Swali la pili ndilo moyo wa kazi. Mtu akisema "huyu mama ana huzuni", usimsifu wala usimkatalie. Muulize ameiona wapi huzuni. Ataangalia tena, safari hii kwa makini: bega lililoanguka, mkono uliofumbatwa, taa iliyozimwa. Wenzake wataanza kumbishia, na wewe kaa kimya. Kimya hicho ndicho kigumu kuliko vyote kwa mwongozaji kijana, maana amesoma mengi na yanamwasha ulimini.

Lakini si kila mahali panavumilia wageni wengi, hata wenye nia njema. Pango la Lascaux kule Ufaransa liligunduliwa mwaka 1940. Kufikia mwaka 1955 lilikuwa likiingiza watu kama 1,200 kwa siku, na pumzi zao zikaanza kuharibu michoro iliyodumu maelfu ya miaka gizani. Mwaka 1963 likafungwa kwa umma. Leo watu hutazama nakala, ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1983. Kwa hiyo anayetaka kila mwanafunzi wa kila chuo apelekwe kila muhula, afanye kwanza hesabu ya mapafu.

Mhadhiri wa historia

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe juu ya macho, ila kutazama pekee hakunitoshi. Kuna swali la nne ambalo ziara nyingi hulikwepa: kitu hiki kimefikaje hapa?

Chukueni jogoo wa shaba aitwaye Okukor. Alitekwa mji wa Benin, ulio Nigeria ya leo, mwaka 1897 wakati jeshi la Uingereza lilipouvamia mji huo, na mwaka 1905 akatolewa zawadi kwa Jesus College, Cambridge, chuo ambacho nembo yake ina vichwa vya majogoo. Akakaa ukumbi wa chakula. Vizazi vya wanafunzi vilikula chini ya jicho lake. Wanafunzi ndio waliodai mwaka 2016 arudishwe kwao, chuo kikamwondoa ukumbini, na Oktoba 2021 akakabidhiwa kwa Wanijeria. Wiki hiyohiyo Chuo Kikuu cha Aberdeen nacho kilirudisha kichwa cha shaba cha Oba, yaani mfalme wa Benin, kilichokuwa kimekinunua mnadani mwaka 1957. Mwongozaji angeweza kuwasifia umahiri wa uhunzi wa Benin kwa saa nzima, na sifa zote zingekuwa za kweli, na bado angewaficha jambo kubwa kuliko yote.

Hatari ya pili ni mwongozaji anayesimulia vizuri mno. Boubacar Joseph Ndiaye alilinda Nyumba ya Watumwa kisiwani Gorée, Senegal, hadi alipofariki mwaka 2009. Aliliza watu kwa simulizi yake, na alitaja mamilioni ya waliopitishwa pale. Miaka ya 1990 wanahistoria, akiwemo Philip Curtin, walizipinga takwimu hizo wakisema waliopita Gorée walikuwa wachache zaidi. Ugomvi ulikuwa mkali, na ninawaelewa waliokasirika, maana wapo wasiopenda utumwa utajwe kabisa na hao hufurahia kila namba inaposhuka. Lakini chuo kikuu kinapaswa kuwapeleka watu wake Gorée wakiwa na vyote viwili: nyumba ile ilivyobeba kumbukumbu ya bara zima, na ubishi wa namba ulivyokwenda. Mwanafunzi wa shahada anaweza kulibeba jambo zito bila kupunguziwa uzito.

Mchangiaji, kitivo cha usanifu majengo

Kwa ufupi. Mnazungumza kana kwamba urithi uko mbali na lazima basi likodiwe. Kampasi ya UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico, jijini Mexico imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2007, na kuta za maktaba yake kuu zimefunikwa mozaiki ya mawe ya Juan O'Gorman. Ile ya Caracas, Venezuela, iliyosanifiwa na Carlos Raúl Villanueva, iliingia mwaka 2000, na chuo cha Coimbra, Ureno, mwaka 2013. Vyuo vingine havina sifa hizo, ila vina majengo, sanamu, miti ya kale na jina la mtu juu ya kila mlango. Anzeni hapo. Nauli hakuna.

Mfanyakazi, idara ya usafi

Nimesoma yote hadi hapa. Mada inasema mwanafunzi, mwanafunzi, mwanafunzi. Chuo ni wanafunzi peke yao?

Mimi hufungua ukumbi mkuu kila asubuhi. Ukutani kuna mchoro mkubwa wa watu wamebeba mitumbwi. Nimeufuta vumbi kwenye fremu kwa miaka kumi na moja. Najua kona ya chini kulia rangi imeanza kubanduka, na niliwahi kumwambia mtu wa ofisini akasema atashughulikia. Wageni huja, wanaelezwa, mimi nasubiri nje na ndoo hadi wamalize. Hakuna aliyewahi kuniambia nani aliuchora wala wale watu wanakwenda wapi.

Mhadhiri wa historia

Ndugu, asante kwa kusema. Chuo Kikuu cha Virginia kilijengwa kwa jasho la watumwa, na kwa miaka mingi mgeni alisimuliwa habari za mwanzilishi wake, Thomas Jefferson, na nguzo zake nyeupe. Ukumbusho wa wale watu wapatao 4,000 waliofanya kazi pale utumwani ulikamilika mwaka 2020 tu. Ziara ikimsahau aliyeshika tofali jana, haishangazi inamsahau anayeshika ndoo leo.

Mwanzisha mada

Nimekaa na michango hii tangu jana, na nabadilisha sehemu ya msimamo wangu.

Neno "lazima" nililiweka juu ya mtu asiyestahili. Liwekwe juu ya chuo. Kiwe na wajibu wa kutenga mchana mmoja kwa mwezi usio na kipindi wala zamu, kumlipa mwongozaji, kutozidisha watu kumi na watano, na kuwahesabu walinzi, wapishi na watu wa usafi kuwa wako kazini wanapokwenda. Atakayekwenda aende kwa miguu yake. Alama naziondoa, binti wa uhandisi ameniweza.

Ila bado sijakubali kwamba hiari inatosha kwa wanafunzi wa udaktari na ualimu. Watu hawa watakuja kutazama miili na watoto wa wengine. Kwao naiona ziara kama maabara, na hakuna anayeuliza kama maabara ni hiari. Anayepinga hili aje na hoja, nitamsoma.

Na ziara ya kwanza ianzie ule ukumbi. Kaka wa usafi, wewe ndiwe unayejua rangi inabanduka wapi. Ungekubali usimame mbele, uwaonyeshe?

Mfanyakazi, idara ya usafi

Sijawahi kuongea mbele ya watu. Ila kuna mtumbwi mmoja kwenye ule mchoro hauna mtu, uko nyuma kabisa karibu na ukingo. Wageni wote nilioona hawajawahi kuuona. Huo naweza kuwaonyesha. Iwe baada ya saa nane mchana, nikishapiga deki.