Daftari la madeni la marehemu baba: tudai au tusamehe?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kusimamia mirathi.

Baba yetu alikuwa mkulima wa viazi Isyonje, mkoani Mbeya, ukitoka Uyole kupanda kuelekea Tukuyu. Mzee wa jembe kwelikweli: alfajiri na baridi ile, ukungu hata aliye mbele yako humuoni, yeye yuko shambani na koti lake la mvua. Viazi hivyo vilitusomesha sote, pamoja na watoto wa shangazi ambao hawakuwa na wa kuwalipia ada.

Sasa tumefungua sanduku lake tukakuta daftari. Majina ni karibu nusu ya kijiji: huyu mbolea, yule mbegu, mwingine nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Rufaa. Pembeni ya baadhi kaandika "asisumbuliwe". Mengine kayaacha hivyohivyo.

Ukoo umenipendekeza mimi kuwa msimamizi, na muhtasari wa kikao tunaupeleka Mahakama ya Mwanzo. Najua pesa alizokuwa anadai ni sehemu ya mirathi, na msimamizi anatakiwa kuzikusanya. Kaka anataka tudai zote (naye ana madeni yake, nadhani hilo linachangia). Mama hataki hata kusikia.

Je, warithi wote wakikubali kusamehe, inatosha kuandika kwenye muhtasari au lazima tuseme mbele ya hakimu? Na wale ambao mzee hakuwaandikia neno, mngewafuata vipi bila kuleta uhasama? Ibada ya kumbukumbu inakaribia, na wengi wao ni majirani tunaowategemea kwa mapishi na viti.