Pampu ipi ya kuzungusha maji inafaa tangi la samaki la lita 200 hapa Dodoma?

Mkazi wa Ipagala:
Habari za majukumu, wadau. Nyumbani nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 50, ambamo nimepanga mawe na kufuga mbuna wa Ziwa Nyasa. Chujio limekaa juu ya tangi, na pampu inayopandisha maji imechoka. Tangu joto la Oktoba lianze, kila asubuhi nawakuta samaki wamekusanyika juu wakihema, na uchafu unatuama nyuma ya mawe. Muuzaji amenionyesha pampu mbili, moja imeandikwa lita 1,000 kwa saa na nyingine lita 3,000, naye anasisitiza nichukue hiyo kubwa. Naomba ushauri kabla sijalipa.

Mfugaji wa Kisasa:
Ndugu yangu, kwa maelezo yako naona zote mbili hazikufai. Tangi lako ni la lita 200 kwa vipimo, lakini ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu isiyojazwa, maji yenyewe yanabaki kama lita 160. Kwa mbuna, ambao kwao ni kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, mimi hupendelea maji yote yapite kwenye chujio mara tano kwa saa, yaani lita 800.

Tatizo ni kwamba namba iliyo kwenye kasha hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Angalia pembeni yake: kuna kipimo kingine kinachoonyesha kimo cha mwisho, ambacho pampu ikikifikia haitoi hata tone. Ikiwa pampu ya lita 1,000 ina kimo cha mwisho cha mita 1.2, nawe unapandisha maji sentimita 60 hadi kwenye chujio, utapata karibu nusu tu ya kilichoandikwa. Ile ya lita 3,000 nayo inaweza kuleta maji mengi kuliko bomba la kurudishia linavyoweza kuyashusha, na chujio likafurika usiku sebuleni. Tafuta ya lita 1,500 hadi 2,000 yenye kidhibiti cha kupunguza kasi.

Ukishaifunga, usiamini kasha wala muuzaji. Kinga maji kwenye mdomo wa bomba, palepale yanapoingia kwenye chujio, kwa ndoo ya lita 20, huku ukiongeza maji kwenye tangi ili pampu isibaki kavu, kisha hesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 90, unapata lita 800 kwa saa.

Kuhusu kuhema, nakusihi usilichukulie kirahisi. Maji ya nyuzi joto 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu yake, kwa hiyo kiasi hicho hupungua tena kwa zaidi ya asilimia 10. Usiku mwani haupati mwanga wa kutengeneza oksijeni, bali nao huitumia, ndiyo maana hali huwa mbaya zaidi alfajiri. Elekeza mdomo wa maji yanayorudi uguse uso wa maji mpaka uone mikunjo imetambaa hadi upande wa pili wa tangi.

Fundi umeme, Nkuhungu:
Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu vipimo, ila mimi nisingeitegemea pampu moja. Hiyo ya chujio ibaki na kazi ya chujio, kisha uongeze ndogo ya kusukuma maji ndani ya tangi, uiweke kwenye kona iliyo mkabala ili ipulize nyuma ya mawe. Moja ikifa, nyingine inawavusha samaki hadi asubuhi. Umeme ukikatika zote husimama, hivyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwepo nyumbani.

Soma pia kibandiko: kiandike volti 220 hadi 240 na hezi 50, kwa kuwa pampu za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120 na hezi 60. Pampu ya wati 20 ikiwaka mwezi mzima hula uniti 14.4 za LUKU. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili matone yadondoke sakafuni, na uchomoe kila kifaa kabla ya kutia mkono majini.

Mkazi wa Ipagala:
Nawashukuru sana. Je, ukoko mweupe ninaouona kwenye birika la chai hautaiharibu pampu mpya?

Mfugaji wa Kisasa:
Utaiharibu usipoisafisha. Maji yetu ya visima vya Mzakwe yana chumvichumvi, jambo ambalo mbuna hawalichukii, lakini chokaa hujijenga kwenye ile feni ndogo yenye sumaku mpaka ianze kukwaruza na kupunguza nguvu. Ukisikia sauti imebadilika, fungua, loweka feni na mhimili wake kwenye siki nyeupe, sugua kwa mswaki laini na suuza vizuri. Chagua pampu inayofunguka kwa mkono na yenye mhimili wa kauri, na umuulize muuzaji kama anauza feni hiyo peke yake, kwani ndicho kipuri kinachoisha kwanza.