Mrejesho: Simu moja, watoto 54
Niliuliza nitapimaje uelewa wa darasa zima huku Likoni wakati simu iliyopo ni yangu tu. Aliyenitajia Plickers, programu ya simu inayosoma majibu ya darasa zima kwa kamera, ahsante sana. Kila mtoto ana kadi ya karatasi; anaigeuza herufi ya jibu lake ikae juu, nami napitisha kamera. Joto la Mombasa na mikono ya jasho vilizilegeza kadi siku ya kwanza, nikazibandika kwenye vipande vya maboksi.

Swali la kwanza: 1/2 + 1/3. Zaidi ya nusu wakainua B, yaani 2/5. Wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini! Na punde tu walikuwa wameitikia, “Tumeelewa, mwalimu!” Kesho yake nikaja na chapati na kisu.