Kiwiliwili, mwili na jasadi: asili na maana

Muulizaji, Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Juzi katika hitima, msemaji alisema kwamba marehemu ametutoka kwa kiwiliwili tu. Mzee aliyekaa karibu nami akaninong'oneza kwamba hapo ilifaa kusema "jasadi", kwa sababu kiwiliwili ni sehemu ya mwili na wala si mwili mzima. Naomba kuelezwa asili ya neno hili, na kama mzee amesibu.

Jibu, Mkoani
Waalaykumu salaam. Mzee ana hoja. Baba yangu ni fundi cherehani, na mtu akijaribu kanzu humwambia, "Kiwiliwili kimekukaa, mikono ndiyo iliyozidi," akikusudia shingoni hadi kiunoni, bila ya kichwa wala viungo. Lakini neno limepanuka, na leo kumtaja mtu kuwa yupo kwa kiwiliwili chake si kosa.

Jibu, Unguja Mjini
Asili yake ni Kibantu. Waganda husema "omubiri" na Wanyarwanda "umubiri", na kwetu ile b imelegea ikawa w. Katika "mwili", kiambishi mu- kimeshikana na shina -wili hata w mbili zikawa moja, na msikilizaji hawezi tena kujua shina limeanzia wapi. "Kiwiliwili" ndilo lililotuhifadhia shina hilo zima, tena likarudiwa, na kwangu mimi hiyo ni hazina. Wapo wanaodai kuwa limetokana na "wawili", kwa kuwa mikono ni miwili na miguu ni miwili. Huko ni kufanana kwa sauti tu, na kama alivyoeleza ndugu wa Mkoani, mikono na miguu ndivyo hasa visivyohesabiwa katika kiwiliwili.

Jibu, Chake Chake
Niongeze kuhusu "jasadi", tuliyoipokea kutoka Kiarabu. Katika Sura Taha, aya ya 88, ndama wa Wana wa Israili, yaani sanamu waliyoiabudu, ameitwa "jasad", na kwa hiyo wengi hulichukulia kuwa ni la kiwiliwili kisicho na roho. Hata hivyo, ile hadithi tuliyoihifadhi chuoni, ya pande la nyama ambalo likitengenea mwili wote hutengenea, nao ni moyo, imetumia "jasad" kwa mtu aliye hai. Kwa hiyo mzee hakukosea kulichagua, ila msemaji naye hakustahiki kusahihishwa.

Muulizaji, Wete
Nashukuru sana, nitamfikishia mzee. Limenijia jengine: bibi yangu husema "maungo yananiuma" akikusudia mwili mzima, ilhali ungo ni kiungo kimoja. Huenda nalo limepanuka kwa njia ile ile.