Mrejesho: picha za milango zimefika Malindi

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kutuma GB 14 za picha za milango ya Lamu kwenye kompyuta ya kaka yangu Malindi, maana scp (amri ya kunakili faili kwenda kompyuta nyingine) ilikatika kila mtandao ukiyumba, nikaanza upya. Nimetumia rsync -avP (amri nyingine ya kunakili faili) kupitia ssh (njia salama ya kuunganisha kompyuta mbili) kama mlivyoshauri. Ile P kubwa ndiyo dawa: faili lililofika nusu halifutwi, ukirudia amri linaendelea. Umeme ulikatika mara mbili usiku, sikupoteza kitu.

Kilichonisumbua ni poti, yaani namba ambayo kompyuta hupokelea mawasiliano. Kaka anatumia 2222. Kwenye rsync unaandika -e "ssh -p 2222", p ndogo, ilhali scp inataka P kubwa. Alama ya ufunguo wa mashine yake, ile ssh inayoionyesha ili ujue kompyuta ni yenyewe, tuliihakiki kwa simu kabla sijaikubali. Ameshazifungua picha zote.