Lubumbashi: mnasomea wapi viti vya maktaba vikijaa?

Binti Katuba

Jambo yenu wakubwa. Niko mwaka wa pili, idara ya sheria, naishi Katuba na wazazi. Kusomea nyumbani ni vita. Nyuma ya ukuta wetu kuna nganda, yaani baa, spika zao zinaanza saa tisa alasiri na hazinyamazi mpaka mteja wa mwisho aondoke. Chumba nalala na wadogo zangu, na wao pia wana interro zao, yale majaribio ya darasani.

Basi nakimbilia maktaba ya chuo (chuo chenyewe sikitaji, msinitafutie maneno). Nafika, kila kiti kina mwenyewe, ila mwenyewe haonekani. Hiki kina koti, kile kina silabusi, kingine chupa ya maji iliyonywewa nusu. Wiki iliyopita meza nzima ya watu sita ilikuwa imeshikwa na kalamu sita, zimepangwa kama vijiko vya harusi. Wenye kalamu walirudi mchana, wakazikusanya, wakaenda kula bukari.

Mitihani inakaribia. Nataka meza, mwanga, na nikitoka nipate basi la Katuba kabla ya giza, maana mama hataki kusikia habari ya kurudi usiku. Na tafadhali msiniambie niamke mapema. Asubuhi nachota maji kwanza.

Kijana wa Kasapa

Maktaba niliacha zamani, mimi ni mtu wa oditwari. Profesa akimaliza, ukumbi unabaki wazi na hakuna anayekufukuza. Kaa karibu na dirisha, kwa sababu umeme ukikatika wenzako wa katikati wanafunga vitabu, wewe unaendelea. Ubaya wake ni ubao: watakuja watu wa hesabu kuelezana kwa sauti, na hapo usome tena nini? Halafu Juni na Julai beba sweta nzito. Sakafu za saruji zile zina baridi ya kuingia mfupani, na jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Kwa suala la basi lako, hesabu hiyo.

Papa wa Rafu

Binti, mimi ni mtu wa maktaba, si ya chuo chako. Nakuuliza kwanza: unatafuta kiti au unatafuta kitabu? Wengi wanaopigania viti asubuhi kwangu wanasoma silabusi waliyokuja nayo kwenye begi. Hiyo isome popote, hata oditwari kama alivyosema kijana. Kiti cha maktaba kiwekee kazi ambayo haiwezi kufanyika kwingine: kitabu kisichotoka nje, memwari (tasnifu) za waliotangulia, au faili unalotaka kupakua.

Kuhusu makoti na kalamu, usigombane na mtu. Nenda kaunta useme. Kwetu kitu kilichokaa bila mtu nakichukua, nakiweka nyuma ya meza yangu, mwenyewe anakuja kukiomba akiwa ameinamisha kichwa. Si kila mahali wanafanya hivyo, lakini kama hakuna anayelalamika, mhudumu atafanya kwa sababu gani? Muulize pia saa gani wasomaji hupungua. Sisi tunaokaa pale siku nzima tunajua, na hakuna anayetuuliza.

Sasa la sheria, hapa nakaa kidogo. Maktaba nyingi bado zina Sheria ya Familia ya 1987 kwenye rafu, karatasi imekuwa ya njano, na wanafunzi wanaipangia foleni. Sheria hiyo ilirekebishwa Julai 2016. Angalia kifungu cha 448: zamani mke alihitaji ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria zinazomfunga yeye mwenyewe; baada ya 2016 wanandoa wote wawili wanatakiwa kukubaliana. Umepigania kiti kwa saa mbili ili ukariri maandishi ambayo hayapo tena! Maandishi ya sheria za Kongo yako bure kwenye tovuti ya Leganet. Pakua siku moja ukiwa na mega za intaneti, yakae kwenye simu.

Kwa makala za majarida kuna mpango unaoitwa Research4Life. Ule wa afya, Hinari, ulianza 2002, wa kilimo 2003, na wa sheria unaitwa GOALI, ulianza 2018. Nchi yetu iko kwenye kundi ambalo taasisi zake hazilipi. Lakini mwanafunzi haingii peke yake: chuo ndicho kinajiandikisha, na jina la kuingilia liko kwa mtu wa maktaba. Muombe.

Mama Mapacha

Nimerudi shule na watoto nyumbani, kwa hiyo nakuelewa kabisa mdogo wangu. Mimi naenda mjini, mediateki (maktaba) ya Institut français, kituo cha utamaduni cha Ufaransa, pale Halle de l'Étoile. Pita mapokezi uulize masaa na kadi, usitegemee ya kusikia. Uzuri wake kwako ni kwamba uko tayari mjini, basi la Katuba si mbali. Na parokia yenu? Sisi tulimwomba padri ukumbi wa katekisimu siku za kazi, akatupa ufunguo kwa sharti la kufagia. Tunafagia.

Kijana wa Kasapa

Mama, ukumbi wa parokia mwishoni mwa juma ni kwaya tupu.

Mama Mapacha

Ndiyo maana nimesema siku za kazi.

Binti Katuba

Aksanti sana wote. Hiyo ya 448 imenishtua, kwa sababu daftari langu lina ile ya zamani na swali lilishatoka kwenye interro. Kesho nauliza parokia, mama atakubali haraka kuliko oditwari. Papa wa Rafu, nikiomba hilo jina la kuingilia na mhudumu akasema hajui, nifanyeje?

Papa wa Rafu

Panda kwa mkuu wa maktaba, yeye ndiye anajaza fomu ya kuandikisha chuo, na inajazwa mtandaoni. Usiende na ombi la jumla. Andika kwenye karatasi jina la makala unayotaka, la mwandishi na la jarida, umwachie mezani. Mtu akiona kazi ni ya dakika chache, anaifanya mbele yako.